Mwenye Mti Hulala Chini Yake

Nilipoletwa kwenye ile nyumba ya Muaither, pembeni mwa Doha, nilimkuta mpishi Mwindonesia, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye alikuwa amekaa pale miaka mingi hata watoto wa nyumba walimwogopa kuliko mama yao. Mimi nilikuwa wa usafi na pasi. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kwa Kiarabu cha jikoni, kile kisichofuata sarufi yoyote lakini chakula kinaiva, "Kwenu mvua ipo?" Nikamwambia kwetu ni milimani, juu ya Muheza, kwenye msitu wa Amani, na mvua ipo mpaka nguo zinaota ukungu zikiwa kambani. Akacheka, akanivutia kiti. Tangu hapo nikamwita dada, naye akaniita mdogo wangu.

Nikiikumbuka ile nyumba nakumbuka alasiri. Wenyewe wamelala, kiyoyozi kinanguruma, mimi napiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba, yeye kakalia ndoo iliyopinduliwa anachambua mchele. Hapo ndipo tulipokuwa tunarudi kwetu. Yeye alianza na mto, maana kijiji chao kimejificha ndani ya msitu wa Kalimantan na barabara hakuna. Unapanda boti asubuhi, na maji yakipungua abiria wote wanashuka kuisukuma, mpaka padri. Mimi nilimjibu kwa utelezi wa kwetu, jinsi mama alivyoshuka na gunia la iliki kichwani huku akishika mizizi ya miti. Tulishindana. Akisema vyura wa kwao wanapiga kelele hata watu hawasikilizani, mimi nasema ukungu wa kwetu unaingia ndani bila hodi. Nilikuwa naongeza chumvi, na nina hakika yeye pia. Zile alasiri nazitamani kuliko mshahara.

Ijumaa tulitoka, tukaenda Najma, ambako Watanzania wenzangu walikuwa wamepanga chumba. Mtanzania wa Doha hachelewi kukutolea simu akuonyeshe kiwanja chake alichonunua nyumbani. Picha huwa ni ileile: nyasi, jiwe la mpaka lililopakwa rangi, na kidole cha dalali kimeingia pembeni. Dada alizitazama picha zote kwa adabu, tulipotoka nje akaniuliza, "Wamenunua majani?"

"Ni ardhi, dada. Ina mipaka."

"Na ndani yake kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana ni kiwanja."

Alitikisa kichwa mpaka tukafika kituo cha basi.

Kwao, alinieleza kesho yake akichambua mchele, mali ni miti. Mababu zake walipohama makazi ya zamani waliacha nyuma miti ya doriani, lile tunda kubwa la miiba lenye harufu kali, waliyoipanda karibu na nyumba zao, ikakua ikawa msitu mwingine ndani ya msitu. Kila mti una jina, na uzao wote wa aliyeupanda una haki ya kula. Lakini huruhusiwi kupanda juu ukaangua. Tunda linangojwa lianguke lenyewe, na ukikata bichi unatozwa faini ya nguruwe. Nikasema astaghfirullah, yeye akacheka mpaka mchele ukamwagika. Msimu ukifika ukoo mzima unahamia chini ya miti, wanajenga vibanda na kulala humo, na tunda likianguka puu! watu wanatimka mbio gizani, anayewahi ndiye mwenyewe. Alikuwa akisimulia huku anacheka, anaonyesha kovu la mguuni alilolipata akimpiku binamu yake.

Mambo hayo mimi hayakunishangaza sana. Kwetu ukimwazima mtu shamba unamwambia alime mahindi na maharage, asithubutu kupanda mti wa kudumu, maana akishapanda mti amehamia. Na pwani mnazi waweza kuwa wangu na mchanga ukawa wako. Kwa hiyo tulielewana vizuri tu.

Kisha kaka yake akapiga simu. Kampuni ya michikichi ilikuwa imefika kijiji cha jirani, na sasa iliutaka ule msitu wa doriani. Ukoo ulikuwa umeshakubali, ila kwa mila yao miti haiuzwi mpaka kila mrithi atamke ndiyo, na aliyekuwa hajatamka alikuwa yeye peke yake. Kaka alitaka kujenga nyumba ya matofali kando ya barabara iliyokuwa inakuja, wajukuu wasome. Dada akasema hapana. Kaka akamjibu kwa usemi wa wazee wao: mwenye mti hulala chini yake. Wewe hujalala huko misimu mingapi? Asiyengoja tunda hana neno mbele ya ukoo.

Mdomo wangu huu haujawahi kukaa kimya pakiwa na jambo la watu. Nikamwambia, "Khalas, dada, uza. Nunua kiwanja mjini."

Akaacha kukoroga. "Chenye majani?"

Siku kadhaa baada ya hapo alinipakulia ukoko mtupu, nami niliula bila kulalamika, maana najua kununiwa na mpishi si mchezo.

Ijumaa moja, kwenye duka la Waasia pale Najma, aliona doriani limegandishwa, limefungwa kwa nailoni. Akalinunua papo hapo. Nyumbani tusingeweza kulipeleka, harufu yake ingemwamsha mama mwenye nyumba hata akiwa safarini, kwa hiyo tulilila tumesimama nyuma ya duka. Mimi nilikuwa nimewahi kulila Unguja, nikaliona tamu. Yeye alitafuna kipande kimoja, akakitema kiganjani.

"Hili limekatwa," akasema. "Halikuanguka."

Akaanza kulia, mchana kweupe, watu wanapita na mifuko yao ya vitunguu. Nilimfuta machozi kwa mtandio wangu na nikaona aibu kwa ule ushauri wangu wa kiwanja, kwa sababu mwanamke huyu hakuwa analilia mali. Alikuwa analilia wale watu waliotimka mbio gizani. Nikamwambia, "Basi nenda, dada. Nenda kalale chini ya mti wako useme hapana ukiwa hapohapo, tuone nani atakuambia huna neno."

Kwenda katikati ya mwaka maana yake ilikuwa kupoteza kazi. Mama mwenye nyumba alimwambia wazi, tena kwa upole, kwamba nyumba ile haiwezi kukaa msimu mzima bila mpishi. Dada akafikiri siku mbili tatu, akafunga mizigo. Mlangoni hakunikumbatia. Aliniambia nimzuie mpishi mpya asijaze ndimu kavu kwenye wali, kisha akaingia garini. Nilirudi ndani nikapiga pasi kanzu ambazo zilikuwa zimeshapigwa.

Kijijini kwao mtandao unapatikana kilimani tu, kwa hiyo salamu zake zilikuja kwa mafungu, sauti juu ya sauti. Amefika. Amejenga kibanda. Mbu ni walewale. Mimi kila mara namuuliza swali moja: umewaambia hapana? Ananijibu, shway shway, polepole, bado, tunangoja matunda kwanza, mkutano wa ukoo utakaa mwisho wa msimu.

Halafu ukaja ujumbe mrefu. Niliusikiliza chumba cha pasi.

"Mdogo wangu, matunda yanaanguka. Naamka nakimbia kuyawahi, na hakuna ninayeshindana naye. Nilingoja watoto wa shangazi. Wako Malaysia. Wengine wako mjini, wanafanya kazi dukani. Kaka magoti yamekwisha, hatoki tena. Matunda yanaoza palepale yalipoangukia, nguruwe mwitu wanajilia. Nilikuja kuwaambia ukoo wasiuze, nikakuta ukoo wenyewe haupo. Sote tuko Doha." Nyuma ya sauti yake nikasikia upepo wa kile kilima. "Jana nimesema ndiyo."

Nilikasirika jamani. Nilimkasirikia yeye, si kampuni. Nilikuwa nimemtoa dada yangu kwa ajili ya ile miti, nimebaki na mpishi asiyecheka na wali mchungu kwa ndimu kavu, halafu yeye anakwenda kusema ndiyo! Niliunguza kola ya kanzu siku hiyo. Sikumjibu kwa muda mrefu, na nilipomjibu nilimuandikia kwa mkato kwamba nimesikia.

Yeye hakununa. Baada ya miezi akanitumia picha. Kabla misumeno haijaingia alikuwa ameokota mbegu za matunda yaliyoanguka mwisho, akaziotesha nyuma ya nyumba mpya ya kaka yake, kando ya barabara. Kila mche aliutamkia jina la mwenyewe mbele ya majirani, kama mila inavyotaka: huu wa mtoto wa shangazi aliyeko Malaysia, huu wa yule wa dukani. Mmoja akautamkia jina langu. Majirani walishindwa kulitamka, wakalirudia mpaka likawakaa.

"Sasa una kitu kwetu," akasema. "Watu wameshajua ni wako. Hakuna wa kukunyang'anya."

Nilimpigia hapohapo, hasira yote imekwisha, nikamuuliza utazaa lini. Akacheka kile kicheko chake cha kumwaga mchele.

"Mimi na wewe hatutakula. Tafuta mtu wako wa kuja kulala."

Mtu wangu ni binti yangu, anayesoma sekondari Muheza na kulelewa na dada yangu wa tumbo moja. Nikampigia jioni ileile, nimechangamka kama dalali, nikamwambia ana urithi Indonesia. Akauliza kiwanja kina ukubwa gani. Nikamwambia si kiwanja, ni mti, bado haujafika magotini, na una masharti: mwenyewe lazima awepo pale, alale chini yake, angoje. Asiyekuwepo hana neno. Nilimweleza yote hayo kwa kirefu, namna ya watu wa kule, jinsi wanavyohesabu mali kwa kuwepo, naye alinisikiliza vizuri bila kunikatiza.

Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo mama, wewe unarudi lini?"

Nikamwambia mtandao unakatakata, simsikii. Nilikuwa namsikia.