Jina la Kwenye Kola

Nikiri mapema, kabla hujasikia kwa wengine: binti yangu wa kwanza nilimpa jina nililolisoma kwenye kola ya kisweta cha mtumba.

Enzi hizo mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa. Jirani yetu, mama aliyeuza nguo sokoni Moshi mjini, alimpandishia mke wangu mjamzito huku mlimani kisweta cheupe, laini, chenye ile harufu ya belo la mitumba ambayo hadi leo nikiikuta mahali nasimama. Ndani ya kola palidariziwa neno moja kwa uzi wa bluu. Mimi, msomi wa kidato cha nne ambaye safari yangu ndefu ilikuwa kutoka zizini hadi jikoni, nikaamua hilo ni jina la kitoto cha Ulaya kilichokivaa. Kwani sisi tulipokwenda bweni hatukudariziwa majina kwenye mashuka?

Jina lilikuwa zuri, na Old Moshi nzima hakuna aliyekuwa nalo. Wala hakuna aliyejua linavyotamkwa. Mke wangu alilivuta mwishoni, nesi wa kliniki alilimeza katikati.

Sasa, kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba. Hilo halina mjadala. Tangu mtoto azaliwe, mama yangu alipita migombani kila asubuhi na sufuria ya mtori wa ndizi wa mzazi, na kabla hajaitua aliuliza, "Wajina wangu ameamkaje?" Nilimsikia, nikampokea sufuria tu. Mwoga mkubwa.

Nilimwambia wiki moja kabla ya ubatizo. Aliniomba nirudie. Midomo yake ikafunguka, ikajaribu, ikafungika.

"Ulimi wangu umezeeka, mwanangu. Haufiki huko."

Kesho yake mtori ulikuja, mzito kama kawaida. "Mtoto ameamkaje?"

Alipoondoka mke wangu akanigeukia. "Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Basi acha kunidokolea mtori."

Kanisani mchungaji alilivuka jina lile kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Tena?" akaninong'oneza. Nikamtamkia kwa kujiamini kabisa. Hata mimi sikuwa na hakika.

Miaka mitatu haikuisha, jina likawa na wenzake. Mabinti wawili wa majirani wengine walibatizwa hilohilo, kila mzazi akilitamka kivyake, na mimi nikizunguka kuwasahihisha. Nilivimba kichwa. Ila mama yangu alipomwita mjukuu wake, alisema "mtoto" tu, au "wewe mdogo", na kila mara nilijua ninachodaiwa.

Basi Jumamosi moja ya Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye kahawa, mama amekaa uani kwetu akimenya ndizi za kupikia kiburu cha maharage, yule jirani akaja na furushi la nguo zilizokosa wateja, tuchague. Nikachomoa koti la mwanamume, pana la kutosha watu wawili. Kwenye kola: neno lile, uzi ule wa bluu. Nikachomoa sketi. Neno lile. Nikachomoa kaptula ya kuogelea.

"Huyu mtoto," nikasema polepole, "alikuwa na nguo nyingi."

"Mtoto gani?" jirani akashangaa. "Hiyo si kampuni inayozishona? Belo zima ni hizo."

Mama akaweka kisu chini. "Yaani mjukuu wangu ana jina la kiwanda?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alianza kucheka kwa mabega, bila sauti, halafu ikaja sauti, halafu machozi. Binti yangu akatoka mbio nyuma ya nyumba kuangalia kuna nini. Mama akamfungulia mikono, imejaa utomvu wa ndizi.

"Njoo, wajina wangu. Njoo kwa bibi."

Akaenda, kana kwamba ndivyo alivyoitwa siku zote. Mama ameshatangulia sasa, na binti yangu ni mtu mzima, mjini wanamwita la kwenye kola. Lakini akipanda kuja nyumbani huitika lile la bibi yake, na mimi ndiye ninayemwita hivyo kwa sauti kuliko wote.

Turudi siku ile uani. Nilijitumbukiza kwenye lile koti, nikainua kola hadi masikioni, nikajifanya nalipima. Jirani hakunionea huruma.

"Shemeji, toka humo. Ushukuru tu hukusoma kile kitambaa kidogo cha ubavuni, mtoto angebatizwa Fua kwa Maji ya Baridi."