Shati la Mjomba

Harufu ya pasi ya mkaa mpaka leo inanikera. Kwetu Mwananyamala, nilipokuwa darasa la tatu, harufu hiyo ilimaanisha Mjomba anasafiri. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mwanasheria wa mambo mazito. Kila mara alikuwa redioni akidai wanaoua raia wa nchi zao wapelekwe kwenye mahakama ya kimataifa, awe rais, awe jenerali. Kabla ya kupanda ndege kwenda Ulaya alikuwa analeta mashati yake meupe, anasema madobi wote wa mjini hawamfikii dada yake. Mama aliyachovya kwenye maji ya wanga, akayapiga pasi yakiwa bado na unyevu, mvuke ukatanda nyumba nzima. Redio iko juu ya kabati, mimi nimekaa chini yake, najivunia sauti ya mjomba wangu. Alikuwa na neno lake halimtoki mdomoni: aliyeona asikilizwe, hata awe mnyonge kiasi gani.

Masika moja baba alirudi kazini akakuta chakula hakijaiva, kisa mashati hayo hayo. Alimpokonya mama pasi akambandika nayo mkono wa kulia. Nilikuwa mlangoni, nimekumbatia shati lililokwisha kunyooshwa. Niliona.

Kesho yake kikaitishwa kikao cha familia. Wakubwa mkekani, chai ya tangawizi, mlango umerudishwa, na mkubwa wa kikao ni Mjomba. Baba akasema mama alijikwaa, pasi ikamwangukia. Nikatua sinia la vikombe nililokuwa nawapelekea.

"Mjomba, mie niliona."

Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio unaniuma kuliko yote. "Haya ya wakubwa, mwanangu. Nenda kacheze." Halafu akamgeukia mama: "Dada, polisi wa nini? Baba wa mtoto wako huyu. Tunayamaliza humu humu ndani."

"Sawa, kaka," mama akajibu. Baba akaomba radhi kwa doti ya kanga, watu wakala ubwabwa. Mjomba akapanda ndege na shati ambalo mama alilimalizia kwa mkono wa kushoto.

Mimi nimeishia kidato cha nne, sheria siijui. Ila nasema wazi: kumshtaki jenerali wa mbali ilikuwa rahisi kuliko kumshtaki shemeji. Na alichokuwa anakisema redioni kilikuwa kweli tupu, hapo ndipo ninapochoka kabisa.

Mwezi uliopita Mjomba aliagwa kwa kustaafu, ukumbini Kinondoni. Baba alishafariki. Watu walisimama kumpigia makofi, na mama alipiga kuliko wote, kavaa gauni la mikono mirefu kwenye joto lile. Binti yangu akaupandisha mkono wa gauni.

"Bibi, hapa ulifanyaje?"

"Pasi tu, mjukuu wangu."

Mjomba alikuwa ameshuka jukwaani kutusalimia. Akaliona kovu, akahamishia macho kwenye viatu vyake.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema. "Mie niliona."

"Marahaba. Hayo yalishapita, mwanangu."

"Yalipita wapi? Nani aliyasikiliza?"

Zamani ni Mjomba aliyenituma nikacheze. Safari hii aliyenishika bega na kunisogeza pembeni ni mama mwenyewe, kwa mkono ule ule wenye kovu.

"Mpishe mjomba wako," akasema. "Watu wanamsubiri."