Mwewe wa Damiani

Jumapili iliyopita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mke wangu alikoroga unga wa makopa ya muhogo kwenye sufuria ndogo ili abandike karatasi kwenye kioo cha dirisha kilichopasuka. Nilikuwa nimejilaza mkekani, nimechoka ule uchovu wa watu wa umri wangu, usiotokana na kazi yoyote unayoweza kuitaja. Harufu ikanifikia: uchachu mwembamba, kama wa nguo iliyofuliwa ikakosa jua. Niliangalia saa ya ukutani kwa mazoea tu, kisha nikakaa kitako. Utotoni, enzi za Mwingereza, hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Hakuna aliyekuwa na saa, lakini shule ilikuwa imetoka, chakula kimeliwa, na upepo wa kusi umeshaanza kupanda mteremko wa Kinondoni.

Naomba nikueleze mteremko huo, kwa maana bila kuuelewa hutaelewa yaliyofuata. Kinondoni ya wakati ule ilikuwa nyumba za udongo na makuti, minazi, mikorosho na vichaka vingi. Upande wa kusini ardhi ilikatika ghafla na kushuka hadi bonde la Msimbazi, ambako watu walilima mpunga na mchicha. Upepo uliotoka kusini ulivuka bonde, ukagonga mteremko, na kwa kuwa haukuwa na pa kwenda, ukapanda juu. Ukisimama ukingoni ulihisi shati linainuliwa kutoka chini kwenda juu. Mwewe waliokuwa wakiwinda vifaranga vya mama zetu walijua jambo hilo kabla yetu. Walining'inia mbele ya ukingo bila kupiga bawa hata mara moja, kama walioangikwa.

Nasi tukatengeneza mwewe wetu. Haikuwa tiara, kwa sababu tiara ina uzi na mwenye uzi hana hofu. Mwewe wetu hakuwa na uzi wala injini. Ukishamwachia, umemwachia.

Tulikuwa watatu. Mwinyimvua alikuwa mtoto wa dobi aliyefua nguo za Wazungu wa Oyster Bay, na kwake ndiko kulikotoka karatasi ya shashi, ile nyepesi inayowekwa katikati ya mashati yaliyopigwa pasi. Damiani aliishi karibu na ukingo na shangazi yake, mama mmoja wa Kimakonde aliyekuja kutoka kusini na kuuza karanga za kukaanga. Damiani ndiye aliyekuwa fundi. Alichonga kiwiliwili kwa mti wa msufi, ambao ukikauka ni mwepesi mpaka unashangaa, akaunda mbavu za mabawa kwa njiti za makuti, akabandika shashi kwa uji wa makopa ya shangazi yake. Puani aliweka donge la nta, akilimega au kuliongeza kwa ukucha. Mimi nilikuwa wa kukumbuka. Nilikumbuka nta ilikuwa kiasi gani jana na mkia ulipindwa upande gani, na kazi hiyo sijaiacha mpaka leo.

Mwewe wa kwanza aliliwa na mende usiku mmoja. Walilamba uji wote wa bawa la kushoto, wakaacha la kulia. Mwinyimvua alisema mende hao ni wa kusini, wamekuja kufuata makopa ya kwao. Damiani akacheka mpaka akakohoa, na kuanzia siku hiyo tukachanganya uji na maji ya majani ya mwarobaini.

Damiani alikuwa na pumu. Aliweza kutembea tambarare, aliweza hata kukimbia kidogo akisahau, lakini kupanda hakuweza. Na mchezo wetu ulikuwa na sheria moja, ambayo sikumbuki nani aliitunga: anayerusha ndiye anayefuata. Ukimrusha mwewe, unashuka bondeni kumtafuta, unapanda naye. Sheria ilikuwa ya haki, kwa sababu kushuka kulikuwa kwa muda mfupi na kupanda kulikuwa adhabu. Mchanga ulikuwa laini. Ukipiga hatua mbili unarudi moja. Jua lilikuwa la alasiri, la mgongoni. Ulifika juu mate yamekuwa gundi, ukajitupa chini ya mkorosho usitake hata kusemeshwa. Kwa sheria hiyo Damiani, aliyetengeneza kila mwewe tuliyemrusha, hakuwahi kumrusha hata mmoja. Aliketi ukingoni na donge lake la nta, akatazama.

Tulipopumzika tulizungumza habari za chini. Mwinyimvua alikuwa amekanyaga nyoka, au mzizi, kila siku akibadilisha. Mimi nilikuwa nimefukuzwa na mzee wa bustani ya mchicha, ambaye alitutukana kwa ufasaha ambao sijausikia tena kwa mtu yeyote. Damiani aliuliza maswali. Je, mpunga umefika wapi? Yule mzee ana jembe au fimbo? Kutoka chini, sisi tulioko juu tunaonekanaje?

"Unaonekana kama kunguru aliyenyeshewa," Mwinyimvua alimwambia.

Siku moja, katikati ya msimu wa kusi, Damiani akasema: "Nitatengeneza mwewe anayerudi."

"Arudi wapi?"

"Hapa. Atoke, azunguke, arudi hapa nilipokaa. Nikimrusha huyo, sina haja ya kushuka."

Tulimwelewa mara moja. Damiani alitaka kurusha, na njia pekee ya kurusha bila kuvunja sheria ilikuwa mwewe asiyehitaji kufuatwa. Tungeweza kuifuta sheria, lakini sisi watoto wa miaka kumi na mmoja hatukuwa tayari kufanya hivyo. Yeye mwenyewe pia asingekubali.

Kazi iliyofuata ilituchosha kuliko kazi yoyote niliyoifanya utotoni. Ili mwewe azunguke, mkia lazima upindwe kidogo upande mmoja. Ukipindwa zaidi, anajizungusha kama jani na kuanguka kwa pua. Ukipindwa pungufu, anakwenda zake. Kila jaribio lilimaanisha mmoja wetu kushuka na kupanda. Mimi na Mwinyimvua tulipokezana. Nilianza kulala darasani. Mama aliuliza kama nina minyoo, akaninywesha dawa chungu. Damiani alikuwa akitusubiri juu akiwa na nta mkononi na swali tayari mdomoni: alianza kugeuka wapi? Pua ilikuwa juu au chini?

"Muulize yeye mwenyewe," Mwinyimvua alimjibu alasiri moja, akamtupia mwewe mapajani. "Mie sishuki tena. Miguu hii ni ya mama yangu, ataihitaji uzeeni."

"Mara moja tu, bwana."

"Jana ulisema mara moja tu."

"Jana pua ilikuwa nzito."

"Pua yako ndiyo nzito!"

Lakini alishuka. Nami nilishuka baada yake. Kusema kweli, hatukufanya hivyo kwa wema. Tulikuwa tumeshatumia nguvu nyingi mno kiasi cha kushindwa kuacha.

Kisha siku ikafika. Mwinyimvua alirusha, bila matumaini, huku ameshageuka kutafuta njia ya kushukia. Mwewe alitoka mbele, akainuliwa na upepo, akasimama pale mwewe wa kweli wanaposimama. Akainamisha bawa la kushoto. Akageuka polepole, kwa duara pana, akapita juu ya vichwa vyetu na kivuli chake juu ya mchanga, kisha akashuka kwenye nyasi kando ya Damiani. Damiani alinyoosha mkono akamwokota bila kuinuka.

Tulipiga kelele mpaka shangazi yake akatoka uani na mwiko wa karanga. Mwinyimvua alitaka Damiani arushe palepale. Damiani akakataa.

"Kesho," alisema. "Leo upepo umechoka."

Upepo haukuwa umechoka, lakini sisi tulikuwa tumechoka, tukakubali.

Kesho yake alikuja amevaa shati la kanisani. Alisimama ukingoni kwa muda, akitazama bonde, kisha akarusha vizuri kabisa, kwa mkono uliolegea, kama mtu aliyerusha maisha yake yote. Upepo ukamwinua mwewe. Tukasubiri ainamishe bawa la kushoto.

Hakuinamisha. Alinyooka. Alivuka mteremko, akavuka mikorosho ya chini, akavuka bustani ya yule mzee, akaendelea juu ya mpunga akiwa mdogo kama nondo. Hatukuwahi kuona mwewe akienda mbali hivyo. Alianguka karibu na matete ya mtoni.

"Mkia umelegea!" Mwinyimvua akanirukia. "Rajabu, si nilikwambia uji haujakauka? Si nilikwambia?"

Nilikuwa nimeshaanza kushuka. Damiani akanishika shati.

"Unakwenda wapi? Nimerusha mie."

"Acha utani, Damiani. Shangazi yako atatuua."

"Anayerusha ndiye anayefuata. Si sheria yenu?"

"Ya watu wenye vifua, bwana," alisema Mwinyimvua.

Damiani alishuka kiupandeupande, akishika vichaka, shati lake jeupe likionekana na kupotea. Nilitaka kumfuata. Mwinyimvua akasema tukimfuata tutamwaibisha, na mimi, msomaji wangu, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sababu hiyo ilinitosha.

Kushuka hakukumchukua muda. Tulimwona akivuka matuta ya mpunga, tukamwona mzee wa mchicha akinyanyuka na kupunga mkono, na Damiani akisimama, wakizungumza. Kisha akapotea kwenye matete. Alipotokea tena jua lilikuwa limegeuka rangi. Akaanza kupanda. Alipanda kidogo, akakaa. Akapanda, akakaa. Kwenye mikorosho ya chini alikaa muda mrefu hadi Mwinyimvua akaanza kusoma sura fupi za Kurani alizojifunza chuoni. Tulisikia pumzi yake kabla hatujamwona, mluzi mwembamba kama wa birika linalotaka kuchemka. Aliibuka ukingoni kwa magoti na mkono mmoja. Mkono mwingine ulimshika mwewe juu, asiguse mchanga. Matope yalimfika mapajani.

Alipopata sauti, alisema: "Niliunyoosha mwenyewe."

"Nini?"

"Mkia. Asubuhi. Niliunyoosha."

Mwinyimvua alimtazama kama anayetazama mwizi. "Sie tumepanda na kushuka msimu mzima," alisema polepole. "Magoti yangu yamekwisha kama ya babu. Kwa ajili yako. Halafu we unaunyoosha?"

"Angerudi," alisema Damiani, akavuta pumzi, "ningekuwa sijashuka."

Nilikasirika kuliko Mwinyimvua. Hesabu yangu yote ya nta na mikia ilikuwa imetupwa bondeni. Nilimwona Damiani mpumbavu asiye na shukrani. Lakini hatukupata nafasi ya kumgombeza, kwa sababu midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Tulimshika makwapa tukampeleka kwa shangazi yake. Shangazi aliita mtu mwenye mkokoteni, akatandika kanga juu ya mbao, wakaondoka kwenda dispensari.

Tulikwenda kumwona kesho yake, tumeoga, tumejiandaa kupigwa. Damiani alikuwa ameegemea ukuta barazani kwao, macho mekundu, na hakuacha kuzungumza. Yule mzee wa mchicha ana jicho moja tu, sisi hatukuwahi kuligundua hilo? Maji ya mtoni ni ya baridi miguuni lakini ya moto juu. Na kutoka chini, alisema, sisi hatukuonekana kama kunguru. Tulionekana kama watu wawili wanaomsubiri mtu.

Sikumwelewa. Niliendelea kuamini kwa miaka mingi kwamba mchezo wetu ulikuwa kurusha, na kwamba kushuka na kupanda ni malipo yake, ambayo mtu mwenye akili angetafuta namna ya kuyakwepa. Nilifanya kazi nyingi baadaye, nikajifunza mambo mengi peke yangu kwa vitabu vya kuazima, na kila mahali nilitafuta namna ya kumfanya mwewe arudi mwenyewe. Ni sasa tu, magoti yangu yakiwa hayana uwezo wa mteremko wowote, ndipo ninapoona kwamba kila kitu ninachokikumbuka cha alasiri zile kilikuwa chini: matope, matusi, nyoka aliyekuwa mzizi. Juu tulikuwa tukipumzika tu. Damiani alikuwa ameketi juu muda wa kutosha kuliona hilo.

Shangazi yake naye sikumwelewa. Tulipomwamkia shikamoo aliitika, akatupa karanga za moto kila mmoja kiganjani, akamtazama mtoto wa kaka yake jinsi anavyopiga domo. Kisha akasema mkokoteni umemgharimu, kwenda na kurudi. Mwinyimvua alininong'oneza kwamba tunadaiwa, tukaaga haraka tukakimbia. Hatukuwa tunadaiwa. Naikumbuka sura yake alipokuwa akisema. Hakuwa analalamika. Aliitaja gharama hiyo kama mtu anavyotaja bei ya kitu alichokwisha kukinunua na kukipeleka nyumbani: shilingi moja na senti themanini.