Sampuli ya Kilabuni

Tak, tak, tak: ndivyo ilivyolia kalamu ya yule mtafiti aliyekuja Majimoto mwaka 1976 kupima bidii ya wakulima. Aliibonyeza kila alipokuwa akingoja jibu alilokwisha kulijua. Alipangusa kiti kwa leso kabla ya kuketi, akavuta soksi zake nyeupe, kisha akauliza kwa sauti laini ya padri anayeungamisha: "Mzee, jana ulilima?" Alikuwa amefika mpunga ukikomaa, wakati kijiji kizima kimehamia vibandani mashambani kufukuza ndege. Waliobaki walikuwa wagonjwa na walevi. Wagonjwa walikuwa wamelala, basi akawachukua walevi, akawaita sampuli, na kila aliyejibu alinunuliwa pombe.

Mwaka uliofuata alirudi na jarida lililochapisha utafiti wake, akatusomea mkutanoni kwamba wanaume tisa kati ya kumi wa Mpimbwe, eneo letu zima, hushinda kilabuni. Kwa hiyo mashine ya kukoboa mpunga tuliyoahidiwa ingepelekwa kwingine. Mama Generosa, ambaye mikono yake ilikuwa na sugu za mchi, alisimama. "Baba, ungeuliza watu kanisani ungeandika kwamba sisi sote ni watakatifu. Tulikuwa mashambani, hapo tu bondeni. Mbona hukuja?" Watu wakacheka. Yeye alilifunga jarida, akalilaza magotini na kulinyoosha pembe taratibu. Alipojibu, tuliokaa mbele tu ndio tuliosikia.

"Niliambiwa kule majini kuna ruba wanyonyao damu, mama."