Koplo Edna na Meja Asiyeiamini Rada

Meja Lionel Vasey alikuwa mtu wa kujua kila kitu. Tangu aje kwenye kikosi cha mizinga pale pwani ya Kent, kusini mwa Uingereza, alikuwa hajapata kumuuliza mtu swali. Alijua farasi, alijua divai. Rada hakuijua, lakini hilo halikumzuia kuisemea. "Kisanduku cha wasichana," ndivyo alivyoiita, na wapiga mizinga wakacheka, kwa kuwa aliyesema ni meja.

Koplo Edna Thackray, mzaliwa wa Hull, hakucheka. Miaka mitatu aliendesha rada ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono, mpaka viganja vikaota sugu. Mwaka 1944 ikaja mpya kutoka Amerika, imefungwa ndani ya trela. Hii ikishalinasa dude angani hulifuata yenyewe, na mizinga nayo hugeuka kulielekea. Edna alijifunza wiki mbili. Meja alipangiwa siku tatu. Alihudhuria moja, akaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Julai hiyo Wajerumani walikuwa wakirusha mabomu yenye mabawa, yasiyo na rubani, kuelekea London. Asubuhi moja ya ukungu mzito, Edna akaona alama kwenye kioo. Akashika simu.

"Limenaswa, afande. Mizinga inalifuata."

"Mbona mimi silioni?"

"Hutaliona, afande. Kuna ukungu."

"Basi hapigi mtu mpaka nilione kwa macho yangu. Umenisikia, binti?"

Edna alimsikia. Alisikia pia ngurumo ya bomu likipita juu ya trela, huku Meja amesimama nje na darubini yake, anautolea macho ukungu. Liliangukia shamba moja maili nne kutoka pale, likaua mume na mke waliokuwa wakikamua ng'ombe.

Jioni Meja alimletea ripoti: rada ilikuwa na hitilafu.

"Weka sahihi hapa."

"Siweki, afande."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua vizuri. Ndiyo maana siweki."

Badala yake alipeleka makao makuu daftari la rada, saa na dakika zote zimeandikwa. Edna akapewa karipio kwa utovu wa adabu. Meja akahamishiwa ghala la mahema huko Wales, na kwa kuwa jeshi lina aibu zake, akapandishwa cheo kabisa. Aliyemrithi, kapteni mmoja mkimya, aliingia ndani ya trela, akaketi, akauliza maswali saa nzima. Wiki hiyo waliangusha mabomu tisa.

Edna aliomba ruhusa akahudhuria mazishi ya wale mume na mke. Binti wa marehemu, Hester, aliziona sare zake, akamsogelea.

"Nyie wa mizinga. Hamkuliona?"

"Tuliliona," Edna akasema. Kisha akamtajia majina ya Meja, yote mawili, polepole, herufi kwa herufi, mpaka Hester akamaliza kuyaandika.