Anayekalia Mikono

Fundi wetu wa programu ana mikono isiyojua kutulia: hugonga meza, hualisha vidole, huparamia kibodi kama ina deni lake. Lakini programu ikianza kupimwa, huikalia mikono hiyo. "Msije mkasema nimeisukuma," hutuambia. Sisi wenzake tulipenda amri za tayari, fupi, ingawa kila moja huipitia orodha nzima ya abiria upya; yeye huandika mzunguko wake mwenyewe, maagizo yanayojirudia kwa kila jina, mistari kibao, unaoipita orodha mara moja tu. Tulimcheka mpaka machozi. Asubuhi moja mfumo wa tiketi, uliojengwa kwa amri zetu, uliganda, abiria wakafurika madirishani wakitutukana. Mkuu wetu akasalimu amri: "Haya dada, lete huo mzunguko wako!" Fundi akaupambanisha na amri zetu kwa orodha ileile ya abiria, akabonyeza, akakalia mikono. Wake ukamaliza, zetu bado zinahema. Tulishangilia ofisi nzima, yeye akatuzuia: "Subirini, zenu hazijafika." Zilipofika ndipo alipoichomoa mikono, akaupachika mzunguko wake kwenye mfumo, na tiketi ya kwanza ilipochomoza akapiga kigelegele kilichowanyamazisha wote waliokuwa wakitutukana.