Kinyambo Kilinishinda

Nyumba ya bibi ilinuka nyasi. Si nyasi za malishoni zilizochomwa na jua, bali nyasi mbichi zilizokatwa asubuhi na kutandazwa sakafuni chumba kizima, juu ya zile za wiki iliyopita zilizokwisha kuanza kuoza. Changanya na moshi wa jikoni na kahawa iliyoanikwa uani, utapata harufu ambayo mpaka leo ikinipitia puani nasimama kwanza. Mimi nilizaliwa Nyaishozi, barabarani, nyuma ya duka la baba, na pua yangu ilizoea sabuni, mafuta ya taa na ubani wa Ijumaa. Asili ya baba ilikuwa Tanga, na dukani kwake kilisemwa Kiswahili tu. Mama, ambaye kwao ni Bugomora, Kinyambo chake alikiacha mlangoni kama mtu anavyovua kandambili. Baba alipofariki, ndugu zake wakaja wakagawana duka mpaka mizani, na mama akanipeleka kwa mama yake mzazi. Nilikuwa na miaka minane, na sikujua hata kuomba maji kwa lugha yao.

Siku ya kuniacha, mama alichuchumaa kwenye zile nyasi, akanifunga upya ushungi wangu uliokuwa umefungika vizuri tu, akasema, “Utakaa kidogo tu, mwanangu. Ukishajua kuongea na bibi yako, nitakuja kukuchukua.” Kisha akapanda pikipiki iliyotuleta, na migomba ikamficha kabla sauti ya pikipiki haijaisha. Sasa nikiwa mtu mzima nadhani alisema lile lililomjia mdomoni, kama mzazi yeyote anayetaka kumnyamazisha mtoto. Lakini ahadi ni deni, na neno lile nililishika kwa mikono miwili. Kati yangu na mama kulikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni Kinyambo. Nikasema moyoni, basi, nitakijua upesi.

Na kwa nini nisikijue upesi? Baba alinihadithia mara nyingi, huku akipima sukari, kisa cha kijana aliyemwokoa ndege mtegoni. Ndege akamdondoshea tone la umande chini ya ulimi, na kulipopambazuka kijana akawa anasikia lugha za viumbe wote, kuanzia chungu hadi ng'ombe. Sharti lilikuwa moja: asimjulishe mtu kwamba anasikia, maana siku atakayojibu ndiyo siku atakayonyang'anywa. Katika hadithi lugha haina kazi, ni ya kulala na kuamka. Basi nami nikaamka alfajiri, nikaingia kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba, nikakinga ulimi chini ya jani. Nikarudi ndani, nikasimama wima mbele ya bibi, nikasubiri aseme neno. Akasema maneno mengi sana, kwa kuwa nilikuwa nimelowesha gauni zima, na sikuambulia hata moja.

Watu waliosoma hupenda kusema kwamba lugha zetu hizi ni ndugu, ukijua moja umezijua zote. Waje waniulize mimi. Kweli, bibi aliposema “reeta” nilitambua kuwa ni kuleta, nikachangamka. Lakini alete mtu kitu gani, hapo ndipo undugu ulipokwisha. Nikampelekea kisu. Nikampelekea kinu. Nikamkamatia na kuku. Alichotaka ni amaizi, maji. Mjomba, kaka yake mama, ambaye nyumba yake ilikuwa uani pale pale, alikijua Kiswahili kama mimi, ila alikataa kunitafsiria, akidai mtoto akisaidiwa hatajifunza. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa kisu cha kumenyea ndizi, na Kinyambo kikaanza kuniingia kupitia vidole vilivyojaa utomvu mweusi. Hakikuja kwa umande. Kilikuja kwa kugombezwa, kwa kuchekwa na watoto kisimani, kwa kulisikia neno lile lile mpaka likachoka kuwa kelele. Na pande zote ilikuwa migomba. Mtu wa kule ataniambia migomba ni baraka, nami sibishi, lakini mtoto asiyeijua njia akisimama katikati ya kibanja haoni barabara, haoni jirani, na hata mbingu anaziona vipande vipande. Nilijihisi nimefungiwa humo, na walionifungia walikuwa wananichekea na kunipa chakula.

Bugomora mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Hupelekewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo. Mwanzoni kikapu kilifika mbele yangu pia, nami nilichukua punje moja kwa adabu nikaenda kuitema nyuma ya nyumba. Kisha ikaja siku bibi akaniwekea kikapu mikononi, akanionyesha kwa kidevu walipo wageni. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa nimeacha kuwa mgeni. Nikapiga goti kama nilivyoona wengine wakipiga, nikakiinua kikapu mbele ya mjomba, aliyekuwa ametoka safari ya Mwanza, na mzee jirani aliyekuja kumjulia hali. Hawakunyamaza nilipofika. Wanyamazeje mbele ya mtoto asiyesikia lugha yao? Na pale pale, goti likiwa chini, Kinyambo kikanifungukia kwa mara ya kwanza, sentensi nzima baada ya sentensi nzima. Mjomba alikuwa akieleza kwamba dada yake ameolewa Mwanza na bwana mwenye lori. Kwamba bwana amesema mke sawa, mtoto wa mwanamume mwingine hapana. Na kwamba dada amekubali. Mzee akauliza kama mtoto ameambiwa. “Ataambiwaje,” akasema mjomba, “na lugha yenyewe haijui?” Akachukua punje mbili akatafuna.

Niliumia. Sina neno la kupamba hapo, ila kikapu nilikirudisha kwa bibi kama nilivyopewa. Lakini nilichofanya baada ya hapo nilikielewa mwenyewe vizuri kabisa. Nilikataa kujua. Mama alisema, ukishajua. Maadamu sijajua, hajavunja ahadi. Ni mimi ninayechelewa, na anayechelewa iko siku atafika. Basi nikawa naitwa, “Ija,” njoo, nami nimesimama kama mti. Naagizwa maji, naleta kisu, kama zamani. Jamani, watu wanahangaika na ugumu wa kujifunza lugha. Wajaribu kutoijua lugha wanayoijua. Masikio hayana mlango. Walisema mbele yangu kwamba mtoto huyu kichwa chake kizito, kwamba ametoka kwa watu wa dukani wanaojua kupima tu, nami nikayala maneno hayo pamoja na ndizi zao. Siku moja mzee jirani akasimulia jinsi mjomba alivyoteleza akatumbukia mzima mzima kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi, ile pombe ya ndizi, na mimi nikacheka kabla sijajizuia. Kwa kuwa wote walikuwa wakicheka, hakuna aliyeniona isipokuwa bibi. Aliniangalia usoni. Tangu hapo tukiwa wawili tunamenya ndizi, alinisimulia polepole, kwa Kinyambo, habari za mama alipokuwa mdogo, bila kuniuliza chochote wala kungoja jibu.

Mama alikuja kahawa ilipokwisha kuvunwa. Alikuja na mchele, gauni jipya lenye mikono mirefu, na tumbo lililoanza kuonekana. Bibi akanipa kikapu, nikaenda kupiga goti mbele ya mama yangu mzazi, kwa sababu sasa mgeni alikuwa yeye. Akachukua punje, akanishika shavu, akaniuliza kwa Kiswahili, “Haya, mwanangu, umeshajua kuongea na bibi yako?” Jibu nilikuwa nalo tayari tangu masika. Lilikuwa la Kinyambo, limenyooka, nililifanyia mazoezi kwenye migomba mahali asiposikia mtu: nimejua, mama, nichukue. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikainua uso kumtazama. Mdomo wake ulikuwa unatabasamu, lakini mkono ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa kikapu, na macho yalikuwa ya mtu anayengojea kofi. Mama aliogopa. Aliogopa nisije nikasema ndiyo.

“Bado, mama,” nikamjibu kwa Kiswahili. “Kinyambo ni kigumu.”

Mabega yake yakashuka. “Ni kigumu kweli,” akasema kwa haraka, “hata wakubwa kinawashinda. Usijali, polepole tu.” Akala, akapumzika kidogo, akaondoka jua likiwa bado juu. Sauti ya pikipiki ilipokwisha kabisa, bibi, ambaye muda wote hakuinua uso kwenye ndizi zake, akaniuliza kwa Kinyambo kama maji yamechemka. Nikamjibu kwa Kinyambo kwamba bado.

Siku hizi nakaa Kayanga, nafundisha sekondari. Wanafunzi wangu wanaogopa Kiingereza, na kila mwaka hakosi mmoja wa kuniuliza ni lugha ipi ngumu kuliko zote duniani. Wengine wana simu zinazowaahidi lugha mpya kwa muda wa kuchemsha maharage, na nikiwaona wamekodoa macho kwenye kioo nakumbuka ulimi wangu chini ya jani la mgomba. Nawaambia kila lugha inajifunzika. Siwaambii mengine. Bibi alikwisha kufa, na yule bwana wa lori pia. Mama amezeeka, naishi naye mimi. Akiwa na majirani anaongea Kinyambo, tena kitamu, chenye mafumbo ya zamani. Nikiingia mimi anageukia Kiswahili. Sokoni nakisema Kinyambo mpaka wauzaji wananitania, lakini mbele ya mama ulimi haunyanyuki, miaka yote hii, na hatujawahi kuulizana kwa nini.

Majuzi mwanamke mmoja wa makamo, aliyehamia mtaani kwetu kutoka Nyakakika, alikuja kumtembelea mama. Nikatoa kahawa ya kutafuna, nikapiga goti, ingawa magoti yenyewe siku hizi yanalalamika. Yule mgeni, akiwa na jambo la siri la kusimulia, akanitupia jicho, akamuuliza mama kwa Kinyambo kama binti yake huyu anasikia. Mama alitafuna kwanza. “Anasikia yote,” akamjibu kwa Kinyambo, bila kunitazama. “Alikuwa anasikia tangu siku ile aliponiambia ni kigumu.” Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili kama kawaida yetu nimletee maji ya kunywa. Nikamjibu kwa Kiswahili, “Sawa, mama,” nikaenda kuyaleta.